Alama za vihariri ndani ya msimbo: tuziache au tuzifute?

Mtoa mada:
Wakuu, kuna ile mistari ya maoni inayokaa juu au chini kabisa ya faili:

`# vim: set ts=4 sw=4 et:`

Programu ikikimbia haina habari nayo. Anayeisoma ni kihariri Vim peke yake, aambiwe Tab ni nafasi 4. Emacs, kihariri kingine, nayo ina ya kwake, ile ya `-*-`. Msimamo wangu: ifutwe. Mwongozo wa uandishi wa kerneli ya Linux umeipiga marufuku, kwa hoja kwamba kila mtu ana mpangilio wake na faili isimwingilie. Halafu usalama: mwaka 2019 ilitangazwa dosari CVE-2019-12735. Kwenye Vim ya kabla ya 8.1.1365, kipengele cha kusoma mistari hii kikiwa kimewashwa, ukifungua tu faili iliyotegwa, amri za mtu baki zinakimbia kwenye mashine yako.

Mchangiaji 1:
Mkuu, hilo tundu lilishazibwa, na Debian (toleo la Linux) wanakuletea Vim kipengele hicho kikiwa kimezimwa. Utasema tutumie `.editorconfig`, ile faili ya mpangilio inayosomwa na vihariri vingi. Sawa, lakini hiyo inakaa kwenye folda ya mradi. Mwenzako akikutumia faili moja WhatsApp, `.editorconfig` imebaki kwake.

Mchangiaji 2:
Ngojeni kwanza, mnachanganya vitu viwili. `# -*- coding: latin-1 -*-` inafanana na alama ya Emacs, lakini Python yenyewe inaisoma, ikiwa mstari wa 1 au wa 2. Ifute kwenye faili yenye é iliyohifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Latin-1 uone Python 3 inavyogoma, maana yenyewe inatarajia usimbaji wa UTF-8. (Kiswahili chetu hakina herufi hizo, ndiyo maana wengi hapa hawajakutana nalo.) Na kwenye Emacs Lisp, lugha ya programu ya Emacs, `lexical-binding: t` inabadilisha namna thamani ya kigeu inavyotafutwa. Ukipitisha `sed` (amri ya kufuta au kubadilisha maandishi kwenye faili) kwa pupa, umeharibu programu.

Mtoa mada:
Hizo zibaki, sina ubishi. Ninazopinga ni za ladha ya mtu. Unakuta faili moja, juu Emacs inaambiwa `tab-width: 8`, chini Vim inaambiwa `ts=4`. Tumwamini nani? Wenzetu wa lugha ya Go walishamaliza: zana yao `gofmt` inapanga msimbo, basi.

Mchangiaji 1:
Go nimekuelewa. Sasa chukua mradi wa C wa zamani: faili nusu zina Tab, nusu zina nafasi, na hakuna anayethubutu kuzipanga upya, maana `git blame`, amri ya kuonyesha nani aligusa mstari mara ya mwisho, itaonyesha jina lake kila mstari. Hapo kwenye `.editorconfig` utaandika kanuni ya kila faili?