Mwanza: Nimelipa elfu 70 wanangu wafundishwe kuvua, wamefundishwa kupiga picha

Wakuu, mods naomba uzi huu usiunganishwe na mwingine. Nina hasira na viatu bado vina tope la ziwa.

Jumamosi nimepeleka familia kwenye kile walichokiita "siku ya uvuvi wa ndoano kwa vijana na familia" hapa hapa Mwanza. Waandaaji siwataji, wenyewe watajisoma. Mkubwa elfu 25, mtoto elfu 10. Sisi wanne, piga hesabu. Hela ilitumwa kwa simu wiki nzima kabla. Tangazo lilisema kila mtoto atapata fito, ndoano, chambo, boya la kuvaa na mwalimu wa kumsimamia.

Tuliambiwa saa moja asubuhi. Saa moja pale tulikuwa sisi na mbwa. Wenye shughuli wamefika saa nne wakiwa na spika mbili kubwa kama kabati, muziki ukafunguliwa kabla hata ndoano moja haijafungwa. Halafu hotuba. Jamani, aliyekulia kando ya ziwa nani asiyejua kwamba sato wa ufukweni unamwahi alfajiri au jua likizama? Saa sita ya utosi na muziki juu, unavua nini?

Fito zilikuwa sita. Watoto zaidi ya arobaini. Ndoano ni zile kubwa za kutegea sangara kilindini, mdomo wa sato zinaingilia wapi? Chambo hakuna kabisa, kijana katumwa dukani karudi na mkate.

Maboya ya kuvaa manne, yote ya watu wazima. Mwanangu wa miaka 6 kavalishwa moja, akinyanyua mikono linamvuka kichwani. Na huu ndio mji uliozika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996, na 2018 tukalia tena na kivuko cha MV Nyerere kule Ukara. Sisi wa kufanya mzaha na maboya kweli?

Ikaja zamu ya picha. Watoto wakaingizwa majini hadi magotini, kwenye matete, kule kule kwenye konokono. Nikamuuliza kijana mwenye fulana ya shughuli: na kichocho je? Akanijibu, "Mzee wangu, hayo maji yanatembea." Yanatembea kwenda wapi, ghuba imetulia kama chai kwenye kikombe!

Sasa sikieni hili, maana hapa ndipo nilipochefukwa.

Pembeni, juu ya jiwe, alikuwa amekaa babu mmoja. Hana fito, ana mshipi kauzungushia kipande cha ndala, na minyoo kwenye kopo la maziwa. Alianza mapema, sisi tukisubiri spika yeye ana sato watatu. Watoto wana macho, wakaanza kuhamia kwake mmoja mmoja. "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu zangu, sogeeni, ila msipige kelele."

Akamfundisha binti yangu kulaza mshipi juu ya kidole cha shahada, amsikilize samaki. Akidonoa mara ya kwanza usivute, anaonja huyo. Ngoja aondoke nacho. Binti akatoa kasato kama kiganja, akaruka ruka pale kama kashinda bahati nasibu. Babu akamwambia huyu bado mtoto, sheria inataka sentimeta 25, lowesha mkono kwanza ndio umshike umrudishe. Dakika ishirini hizo, na hakuomba hata mia.

Akaja mtu wa waandaaji kumfukuza. Eti eneo limelipiwa. Babu akakunja mshipi wake, akaondoka bila neno. Mimi ndiye niliyetukana, nakiri.

Saa nane bodaboda akaleta sangara mkubwa kutoka mwaloni, macho meupe, kafa tangu jana. Watoto wakapangwa mstari kumshika. Leo picha ziko mtandaoni, maelezo yanasema vijana wetu wamevua wenyewe! Binti yangu kaziona, kaniuliza, "Baba, huyu tulimvua saa ngapi?"

Nimepiga simu kudai hela. Hairudi, ila nitapunguziwa elfu tano awamu ijayo. Awamu ijayo!

Wengine mliokuwepo njooni PM na risiti zenu twende pamoja. Na kama kuna anayejua yule babu huwa anakaa pale siku zipi, aniambie. Minyoo tumeshachimba.