Majirani wa Bondeni (Mbeya)

Jumamosi

19:42 Mama Subi: Jamani siku ya tatu hii mvua haijakata. Umeme unarudi saa ngapi?

19:44 Baba Ambakisye: Umeme baadaye mama. Nimetoka kufunga ng'ombe kule kwenye mikaratusi. Ardhi imepasuka, mguu unaingia. Jumatano huo ufa haukuwepo

19:45 Mama Tumpe: Upande gani baba?

19:45 Baba Ambakisye: Juu ya kwa Bibi Sekela. Na miti miwili imelalia huku kwetu

19:47 Fundi Lusajo: Kawaida hiyo, udongo huwa unapasuka

19:49 Mwalimu: Lusajo, udongo hupasuka ukikauka. Ukipasuka umelowa, tena mlimani, ujue unashuka

19:49 Fundi Lusajo: 😅 sawa mwalimu

19:50 Mama Tumpe: Isije ikawa kama Itezi

19:53 Mwalimu: Ndicho ninachowaza. Mlima Kawetele ulivyoshuka pale Itezi Aprili 14, 2024 ulifukia nyumba za watu. Na Katesh, Desemba 2023, Mlima Hanang ulinyonya maji mpaka ukameguka, wakafa zaidi ya 80. Watu walidhani mafuriko, kumbe ni matope na mawe na magogo

19:55 Mama Subi: Mbona kijito nyuma kwangu kimepungua? Nilifurahi nikajua mvua inaisha

19:55 Mwalimu: Kimepungua na mvua inanyesha???

19:56 Mwalimu: Mama Subi toka. Kimezibwa huko juu, kikiachia kinakuja chote

19:58 Mwenyekiti: Nimepiga 114, zimamoto na uokoaji. Tusiwasubiri. Wote kanisani, pitieni njia ya zahanati, MTU ASIFUATE KIJITO. Wapangaji wa vyumba vya uani hawamo humu, wagongeeni milango

20:07 Mama Tumpe: Bibi Sekela hatoki. Anasema kazaliwa hapa, na kuku wake 11 atamwachia nani

20:08 Baba Ambakisye: Mwambieni kuku nao wanahama. Lusajo una bajaji

20:09 Fundi Lusajo: Naenda

20:31 Mwenyekiti: Tumehesabiana, kaya 14. Bado Lusajo na bibi

20:33 Mama Subi: Lusajo pokea simu

20:38 Mama Subi: Lusajo

20:46 Fundi Lusajo: Tuko nje ya kanisa, bajaji ilikwama. Bibi anasema ndaga fijo, asanteni sana. Njooni mnipokee hili tenga, kuku wameninyea mgongo mzima