Paipu ya milimita 375 itatosha Kisauni?

mtaro_kisauni: Salaam aleikum wakuu. Napanga mtaro wa maji ya mvua huku Kisauni, Mombasa. Eneo ni hekta 1, karibu lote mabati na kabro. Nimechukua mvua ya milimita 50 kwa saa, ile ya mara moja kwa miaka 10, kutoka rekodi za zamani. Asilimia 90 ya maji yakitiririka napata lita 125 kwa sekunde. Paipu ya 375 kwa mteremko wa 1 kwa 200 yabeba kama lita 124. Hali ya hewa yabadilika, je niongeze?

mvua_na_hesabu: Waaleikum salaam. Ongeza. Kila nyuzi 1 ya joto hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua kali ya saa moja huweza kupanda kuliko hivyo. Usidanganywe na jumla ya mwaka: inaweza kubaki ileile huku mpigo mmoja ukizidi. Tena mvua za vuli huzidi pale Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, kama 2019 na 2023. Mimi ningeweka asilimia 20 juu, yaani lita 150. Paipu ya 450 kwa mteremko huohuo hupitisha kama 200, na tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kuchimba mara mbili.

Na hiyo “mara moja kwa miaka 10” haina zamu. Kila mwaka ni asilimia 10, hivyo ndani ya miaka 10 uwezekano wa kuipata ni kama asilimia 65.

bamvua: Hesabu nzuri, lakini mdomo wa mtaro uko wapi? Kama unamwaga kwenye mkono wa bahari, hata paipu ya 900 haikusaidii maji ya bamvua (yale makuu ya mwezi mwandamo na mpevu) yakishaufunika. Hapa bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Mvua ikiangukia hapo, maji hurudi barabarani. Kifuniko cha bawaba huzuia bahari kuingia, ila ya mvua nayo hubaki ndani. Lita 150 kwa sekunde, saa nzima, ni kubikimita 540: malori 54 ya maji ya lita 10,000. Utayaweka wapi?

mtaro_kisauni: Mdomo uko chini ya alama ya bamvua, naam. Kuna uwanja jirani.

bamvua: Basi uchimbwe kidogo uwe bwawa la muda. Kubikimita 540 kwenye mita za mraba 1,200 ni kina cha sentimita 45. Chimba 60.

mvua_na_hesabu: Na tia shimo la kunasa mchanga kabla ya paipu, lizolewe kabla ya masika na kabla ya vuli. Wavu wa kuingilia uwe wa kulala mshazari. Ulio wima huzibwa na mifuko mvua ikianza tu.