Gharama zilizokataliwa na nafuu ya kodi kwa wajenzi wa nyumba nchini India: je, nafuu nayo huongezeka?

Mizania aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninashughulikia hesabu za ubia wa wajenzi ulioko Ahmedabad, India, ambao ulijenga nyumba za bei nafuu na kudai nafuu ya asilimia 100 ya faida ya mradi chini ya kifungu cha 80-IBA cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1961. Mradi uliidhinishwa mwaka 2018. Katika mwaka wa fedha 2021/22 ubia ulitangaza faida ya rupia milioni 40, ukadai nafuu ya kiasi hicho hicho, na mapato ya kutozwa kodi yakabaki sifuri.

Ofisa wa kodi alipopitia vitabu alikuta mkandarasi mdogo wa kazi ya plasta amelipwa rupia milioni 10 bila kukatwa kodi ya zuio, yaani sehemu ya malipo ambayo mlipaji hupaswa kuikata na kuipeleka serikalini. Kwa kutumia kifungu cha 40(a)(ia), alikataa asilimia 30 ya malipo hayo, yaani rupia milioni 3, na kuzirudisha kwenye faida. Hapo sina ubishi naye. Kinachonitatiza ni hatua iliyofuata: anashikilia kwamba nafuu ibaki milioni 40 kama ilivyoandikwa kwenye ritani (taarifa ya mapato iliyowasilishwa kwa ofisi ya kodi), na zile milioni 3 zitozwe kodi kamili, kwa hoja kwamba hazikutokana na kuuza nyumba bali na uzembe wa mlipaji. Je, msimamo huo una mashiko?

Kalamu ya Wino alijibu:

Hauna. Kifungu cha 40 hakizalishi aina mpya ya mapato. Kinazuia tu gharama fulani isitolewe wakati wa kukokotoa faida ya biashara. Kwa kuwa gharama yenyewe ilikuwa ya mradi, kuizuia kunaikuza faida ya mradi huo huo, na nafuu hukokotolewa juu ya faida iliyopatikana kwa mujibu wa sheria, si juu ya tarakimu iliyomo katika vitabu vya mlipakodi. Kwa hiyo faida ni milioni 43, nafuu ni milioni 43, na mapato ya kutozwa kodi yanabaki sifuri.

Suala hili lilibishaniwa kwa miaka mingi chini ya kifungu cha zamani cha 80-IB(10), kilichotoa nafuu ya namna hiyo kwa wajenzi wa nyumba. Mahakama Kuu ya Gujarat, ambayo ndiyo inayouhusu mji wenu, iliamua hivyo mwaka 2012 katika shauri la Keval Construction, na Mahakama Kuu ya Bombay ikafuata mwelekeo huo huo mwaka 2015 katika shauri la Sunil Vishwambharnath Tiwari. Hatimaye Bodi Kuu ya Kodi za Moja kwa Moja ilitoa Waraka namba 37/2016 wa tarehe 2 Novemba 2016, ikakubali kwamba gharama zinazokataliwa chini ya vifungu vya 32, 40(a)(ia), 40A(3), 43B na vinginevyo vya aina hiyo, zikiwa zinahusu shughuli yenye nafuu, huongeza faida inayostahili nafuu, na ikawaagiza maofisa wasikate rufaa juu ya hoja hiyo. Waraka wa Bodi humfunga ofisa wake. Mwekee mezani.

Bi. Stakabadhi alijibu:

Ninakubaliana na Ndugu Kalamu, ila neno "zinahusu" katika waraka ule ndilo linalobeba mzigo wote. Ubia ukiwa na miradi miwili, mmoja wenye nafuu na mwingine usio nayo, na mkandarasi huyo huyo akapiga plasta kote kwa hati moja ya madai, ni juu yenu kuonyesha sehemu ipi ni ya mradi upi. Msipoweza, ofisa ana haki ya kuuliza kwa nini ongezeko lote liangukie upande usiotozwa. Tafuteni kitabu cha vipimo vya kazi, chenye namba ya jengo, ghorofa na mita za mraba, kilichotiwa saini na mhandisi wa eneo la ujenzi. Ushahidi wa namna hiyo ni mzito kuliko barua yoyote ya maelezo.

Pia msichanganye gharama iliyokataliwa kwa kukosa utaratibu na gharama ambayo chanzo cha fedha zake hakikuelezwa. Malipo ya taslimu kwa muuza mchanga yanayozidi rupia 10,000 kwa siku moja hukataliwa chini ya 40A(3), na hayo yanaingia kwenye waraka. Matumizi yasiyo na chanzo huangukia kifungu cha 69C na kutozwa asilimia 60 chini ya 115BBE, kabla ya nyongeza nyingine, na huko waraka hautajwi kabisa.

Mizania aliandika:

Ninawashukuru. Mradi ni mmoja tu na kitabu cha vipimo kipo. Mmoja wa wabia sasa anasema kwamba, ikiwa mambo ni hivyo, kukataliwa kwa gharama hakuna madhara yoyote, na tusihangaike kupinga uamuzi huo wa ofisa. Ni sahihi?

Kalamu ya Wino alijibu:

Mbia wako amesahau kodi mbadala ya kima cha chini, kifungu cha 115JC, ambayo hulipwa nafuu inapoishusha kodi ya kawaida chini ya kiwango hicho. Ubia unaodai nafuu ya 80-IBA hulipa asilimia 18.5 ya mapato yaliyorekebishwa, yaani mapato ya kutozwa kodi baada ya kurudishiwa nafuu yenyewe. Kabla ya ukaguzi msingi ulikuwa milioni 40, na kodi rupia milioni 7.4. Sasa msingi ni milioni 43, na kodi ni rupia milioni 7.955. Hizo rupia 555,000 zaidi, bila kuhesabu nyongeza na tozo, zinatokana na kukataliwa kule kule mnakoambiwa hakuumi. Ni kweli kwamba kodi hiyo huwa salio la kupunguzia kodi ya kawaida hadi miaka 15 ijayo, lakini ubia ulioundwa kwa mradi mmoja na kufungwa hautakuwa na kodi ya kawaida ya kufidia. Kwa kampuni hali ni tofauti, maana kodi yake ya kima cha chini huanzia kwenye faida ya vitabu, ambayo haiguswi na kifungu cha 40.

Kwa sababu hiyo ningeanza na kupinga kukataliwa kwenyewe, na hoja ya waraka ningeiweka ya pili. Mkandarasi akiwa aliwasilisha ritani, akaingiza malipo hayo na kulipa kodi yake, mwombeni mhasibu aliyesajiliwa atoe cheti cha Fomu 26A. Ubia utahesabiwa kuwa ulikata na kulipa kodi ya zuio siku mkandarasi alipowasilisha ritani; siku hiyo ikiwa kabla ya mwisho wa muda wa ritani yenu, milioni 3 zinaondoka zote. Mtakachobaki nacho ni riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya kodi ambayo haikukatwa, tangu siku ilipopaswa kukatwa. Mkandarasi akiwa mtu binafsi, kiwango cha zuio ni asilimia 1, hivyo riba hiyo inahesabiwa juu ya rupia 100,000 tu.

Bi. Stakabadhi aliongeza:

Angalieni pia tarehe ya kukamilika kwa mradi. Cheti cha kukamilika kisipopatikana ndani ya miaka mitano tangu idhini, nafuu yote iliyodaiwa hurudishwa kuwa mapato ya mwaka ambao muda huo unaisha, pamoja na hizo milioni 3 mnazozigombania.