Tyson: alikuwa bingwa kweli, au alitisha watu tu?

Mleta mada: Wakuu, naomba tujadiliane bila matusi. Kila wakitajwa mabondia bora wa uzito wa juu, Mike Tyson hakosi. Kwa kumpiga nani? Douglas alimvua mikanda Tokyo 1990, Holyfield kamshinda mara mbili, Lewis kamlaza Memphis 2002. Kila aliyesimama naye bila woga alimshinda. Na huyo Larry Holmes mnayemtaja, bingwa wa zamani aliyepigwa na Tyson 1988, alikuwa babu aliyetolewa kwenye kiti cha kustaafu.

Konde la Kushoto: Babu? Holmes alikuwa na miaka 38! Mimi nina 41, njoo nikuonyeshe babu anavyopiga.

Mleta mada: Kaka, 38 ya ulingoni si 38 ya ofisini. Holmes alikuwa na karibu miaka miwili hajapanda ulingoni. Ulitaka afanye nini?

Kona Nyekundu: Kama umri ni hoja, George Foreman alibebaje mkanda wa uzito wa juu 1994 akiwa na 45? Nisaidieni hapo.

Mzee wa Raundi 15: Foreman alikuwa anapoteza vibaya. Mpinzani wake, bingwa Michael Moorer, aliongoza kwa majaji wote watatu, na kona yake, yaani wasaidizi wake, ilimpigia kelele asisimame mbele ya ule mkono wa kulia. Hakusikia. Raundi ya 10 akalala.

Kona Nyekundu: Kwa hiyo ushindi wa kumlaza mtu (KO) haumo siku hizi, tunahesabu pointi za marehemu?

Dada wa Ulingoni: Jamani, mada ni Tyson. Turudini Novemba 1986, Tyson na bingwa Trevor Berbick. Konde moja la kichwani, Berbick anaanguka, anajiinua, miguu inamkataa, anapepesuka upande wa pili na kuanguka tena, anajaribu tena, wapi! Aliyempiga alikuwa na miaka 20, na hadi leo uzito wa juu haujapata bingwa mdogo kuliko yeye. Mnaona mabavu tu. Mtazameni kichwa: kinahama kabla mpinzani hajarusha. Alipomfukuza kocha wake Kevin Rooney 1988, kichwa kikaanza kusimama wima kama nguzo. Tyson wa Tokyo hakuwa yule wa Berbick.

Mleta mada: Yaani akishinda ni yeye, akipigwa ni mwingine. Raha sana.

Dada wa Ulingoni: Wewe ndiye uliyesema kila asiyemwogopa alimshinda. Tony Tucker alikuja 1987 hajawahi kupigwa, na mkanda wake kiunoni. Alisimama raundi zote 12 na akapoteza kwa pointi. Huyo naye aliogopa?

Jabu Moja: Mnamsahau Spinks, Tyson alimlaza kwa sekunde 60 tu!

Mzee wa Raundi 15: 91.

Jabu Moja: Ziwe 60 ziwe 91, mtu alilala. Na Tokyo Tyson aliibiwa. Douglas alidondoshwa raundi ya 8, mwamuzi akahesabu kwa mwendo wa kobe.

Mzee wa Raundi 15: Dogo, bondia hasikilizi saa, anasikiliza mwamuzi. Douglas aliamka mwamuzi akiwa kwenye tisa, kabla ya kumi. Kama unatafuta wa kumlaumu, tazama kona ya Tyson: jicho limevimba, na wasaidizi hawana hata chuma cha kulibana, wanamkandia kwa glovu ya mpira iliyojazwa maji ya barafu. Bingwa wa dunia huyo! Raundi ya 10 akawa anatambaa kwa magoti kutafuta kinga ya meno, akaiuma kwa ncha, nusu inaning'inia nje. Na Douglas alikuwa amefiwa na mama yake wiki chache kabla.

Konde la Kushoto: Mleta mada bado hajafuta neno "babu".

Mleta mada: Sifuti.

Kona Nyekundu: Hata huyo Tyson wenu wa 1988, Foreman angemla. Bingwa Joe Frazier alikuwa mfupi na mtu wa kusonga mbele vilevile kama Tyson, Foreman kamdondosha mara sita ndani ya raundi mbili, Kingston 1973.

Dada wa Ulingoni: Frazier alikuwa anachelewa kupata joto. Tyson aliingia akiwa tayari anawaka.

Mzee wa Raundi 15: Aingie akiwaka, Foreman anamsukuma mabegani, anampa nafasi, anarusha ile ngumi ya chini kwenda juu. Ali alimweza Kinshasa kwa sababu alikubali kupigwa mpaka mwenzake akachoka. Tyson ana uvumilivu huo?

Jabu Moja: Asingeuhitaji. Raundi ya pili haifiki.

Mzee wa Raundi 15: Haifiki, ila anayelala si Foreman.