Mrejesho: Kuchora pwani ya majabali kwa rangi za mafuta
Niliuliza namna ya kumaliza mchoro mdogo wa pwani ya majabali kabla maji hayajajaa na mwanga haujahama. Nawashukuru mlionishauri kuanza na vivuli, kwani nikishaviweka kwa rangi nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini, sivigusi tena hata jua likisogea, na mwamba hubaki na umbo lake. Povu naliweka mwisho, kwa rangi nzito na ncha ya kisu, nyeupe ikiwa imetiwa kijivu kidogo. Ushauri wa kubadilisha vibao vya kuchorea kadiri mwanga unavyobadilika, kama mchoraji Claude Monet alivyofanya na turubai zake huko Étretat, pwani ya Ufaransa, katika miaka ya 1880, unafaa pia, ingawa kuvibeba vikiwa na rangi mbichi ni kazi nyingine, na bado natafuta sanduku linalofaa.