Picha mbili za babu na nyanya nataka ziwe moja, nisaidieni na GIMP

MwanaMigosi, Kisumu
Hamjambo wote. Desemba tunakutana nyumbani Luanda, Vihiga, kuwakumbuka babu na nyanya. Hawakuwahi kupigwa picha wakiwa pamoja. Ya babu ni ya studio, nyeusi na nyeupe, amevaa koti. Ya nyanya ni ya rangi, amesimama uani amejifunga leso. Nataka wakae bega kwa bega kwenye karatasi ya A4. Natumia GIMP 2.10, ile programu ya kuhariri picha. Nikimleta nyanya kando ya babu anageuka kijivu, na kingo zake ni kali, ajulikana wazi amebandikwa. Menyu ni nyingi, nianzie wapi?

FundiPicha, Nakuru
Pole na kazi, ndugu. Picha ya babu iko katika hali ya kijivu, na chochote ukiletacho juu yake kinafuata hali hiyo. Fungua menyu ya Image, ingia Mode, chagua RGB, yaani hali ya rangi. Kisha nenda File, "Open as Layers", umchague nyanya. Ataingia kama leya yake mwenyewe, yaani tabaka lililo juu ya picha ya babu.

Kifutio kiweke mbali kabisa. Kwenye menyu ya Layer kuna Mask, na ndani yake "Add Layer Mask", chagua White. Paka kwa brashi nyeusi: unapopaka panafichika, hapafutiki. Ukipitiliza ukala sikio, geuza rangi iwe nyeupe, upake tena, sikio litarudi. Kwenye nywele na mabega tumia brashi yenye ukingo laini. Hapa ndipo pa kutumia muda wako, hata jioni nzima.

DadaWaKakamega
Vichwa navyo vilingane. Shusha Opacity ya leya ya nyanya, aonekane kama kioo, umwone babu chini yake, bonyeza Shift+S ya kubadilisha ukubwa, urekebishe hadi nafasi kati ya macho ikaribiane. Punguza iliyo kubwa. Ukikuza ndogo, sura inafifia.

MzeeWaStudio, Kisumu
Kabla ya yote hayo, mwanga unatoka upande gani kwa kila mmoja? Hata ukate vizuri namna gani, kivuli cha pua kikielekea huku kwa mmoja na kule kwa mwingine, jicho litakataa.

MwanaMigosi
Asante mzee. Babu anamulikwa kutoka kushoto, nyanya kutoka kulia. Nimeona kwenye Layer, Transform, kuna "Flip Horizontally". Nimgeuze nyanya?

MzeeWaStudio
Hapana, leso yake ina maandishi, yatasomeka kinyumenyume. Kama babu yuko peke yake kwenye picha yake, mgeuze yeye. Vifungo vya koti vitahama upande na wachache watagundua, ila angalia kama ana kovu au mstari wa nywele ambao wazee wanaukumbuka. Ikiwa upo, usimguse yeyote. Heri kuwaacha na kivuli kidogo kisicholingana kuliko kumbadilisha mtu sura.

FundiPicha
Nakubaliana. Kisha wafanye wote weusi na weupe: Colors, Desaturate. Weusi wa picha ya zamani huwa umepauka, kwa hiyo ingia Colors, Levels, na chini pale kwenye "Output Levels" sogeza mshale mweusi kulia kidogo hadi nyanya apauke kama babu. Mwisho mwongezee chembechembe kidogo kwa Filters, Noise, maana picha ya babu inazo.

MamaKondele
Mwanangu, uliza wazee kwanza. Na chini ya picha andikeni kwamba ni picha mbili zilizounganishwa. Vitukuu wakikua wataamini kuwa siku hiyo ilikuwepo.

MwanaMigosi
Nimekusikia mama, nitampigia baba mkubwa leo. Swali la mwisho: niskani kwa kiwango gani ili isitoke na ukungu dukani?

DadaWaKakamega
Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa 600 dpi (nukta kwa inchi) inatoa takriban pikseli 2,362 kwa 3,543. A4 kwa ubora wa 300 inataka 2,480 kwa 3,508, karibu sawa, hivyo 600 inatosha. Ikiwa ya nyanya ni ndogo zaidi, panda hadi 1,200. Ya kupeleka dukani itoe kwa File, "Export As", iwe PNG. Lakini faili ya XCF, ile yenye leya, itunze. Wazee wakiiona, lazima mmoja ataomba kitu kisogezwe.